Boksi la Paka na Taa za Pembeni

Shemeji yangu, kwa maneno yake mwenyewe, alizaliwa pacha peke yake. Nusu yake ni mchezaji wa gemu asiyeshindika, nusu yake ni fundi, na nusu ya tatu, maana kwake hesabu ni suala la moyo, ni msanii.

Kwenye vibanda vya gemu anajiita Paka. Anasema jina hilo linamstahili kwa kuwa ana roho ya paka: umpige ngumi, umrushe ghorofani, umchome moto, yeye kwenye skrini hafi. Wanaocheza naye wanasema wamemwona akifa tena na tena, na kila akifa kidole chake kilikuwa kimeteleza. Ni mtu mwenye vidole vya utelezi kuliko sabuni.

Paka huyu ndiye aliyemwoa dada yangu, na dada yangu ni fundi cherehani. Ukimpelekea suruali iliyokwisha kukata tamaa ya maisha, anairudisha imenyooka mpaka wewe unaona haya kuivaa. Lakini fundi huyu hakuwa na pa kufanyia kazi. Cherehani yake ilikaa kwenye korido, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa choo. Mwenye njaa alimruka akienda, mwenye haja alimruka akirudi.

Si kwamba nyumba haina nafasi. Kuna chumba cha pembeni, kipana, chenye dirisha kubwa linalotazama njia. Ila chumba hicho kilikuwa kimetekwa. Ndani yake kulikuwa na mbao, redio zilizokufa, feni zisizo na mapanga, mapanga yasiyo na feni, na waya wa kutosha kuufunga mwezi usitoroke. Paka alikiita karakana. Dada alikiita kile chumba, kwa sauti ambayo watu huitumia kumtaja marehemu aliyewadhulumu.

Mambo yakafika shingoni dada alipopata kazi ya kushona mashati meupe ya sare ya shule, mashati mengi, ya kumpa heshima mtaa mzima. Alipopeleka fungu la kwanza, mwalimu mkuu akamrudishia shati moja. Mgongoni lilikuwa na alama ya kandambili. Si doa, bali kandambili kamili, na kisigino chake, na mistari yake, mpaka namba ya kiatu ilisomeka. Mwalimu mkuu hakufoka. Alisema kwa ule upole unaochoma kuliko kufoka kwamba shati la pili likija limekanyagwa, kazi yote ataihamishia kwa fundi mwingine.

Dada akarudi nyumbani, akailinganisha ile alama na kandambili za mumewe. Zikalingana kama pacha, tena pacha wa kweli, wawili.

Usiku huohuo akadai chumba. Paka akasema haiwezekani, kwani ndani ya chumba kile alikuwa ukingoni mwa jambo litakalobadilisha historia ya ukoo. Alipoulizwa ni jambo gani, alisema anatengeneza boksi la kuchezea gemu, la mbao, lenye kijiti cha kuendeshea na vifungo vikubwa vya kubonyeza, kama yale ya mashine kubwa za kusimamia, na juu yake kipande cha plastiki angavu kama kioo, na pembeni mwa plastiki hiyo, taa. Watu watatoka mbali kuja kuagiza la kwao. Sasa, akauliza, ni nani mwenye akili timamu atakayeihamisha historia ili kupisha vishikizo vya shule?

Kesi ikapelekwa kwa Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yetu, muuguzi mstaafu wa wodi ya wanaume, kwa hiyo uongo wa wanaume ameusikia katika hali zake zote, ukiwa umesimama na ukiwa umelala. Aliwasikiliza wote wawili kwenye simu, akakohoa, akatoa masharti. Jumapili angekuja. Kama boksi hilo litacheza gemu moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kushika bisibisi, chumba kitabaki kuwa karakana na dada atatafutiwa pengine. Likishindwa, Paka atatoa vyake na cherehani itaingia.

Dada alikubali. Pengine hapakuwepo, na wote tulijua, maana pengine pote palikwisha kukaliwa na redio. Lakini alikuwa amekwisha kuona vitu vingi vya mumewe vikishindwa, na akaona hili ni dau la kuchukua ukiwa umelala.

Ujenzi ukaanza. Nilikuwa nikipita pale kila nikitoka kazini, na ninachosimulia nimekiona, isipokuwa pale ninaposema nimesikia.

Kwanza ilikuwa vifungo. Dada alikuwa akienda sokoni kununua uzi, Paka akamwagiza amletee vifungo vya kubonyeza, vikubwa kidogo, vya rangi. Dada akavileta. Paka akafungua pakiti, akatazama ndani muda mrefu.

"Hivi ni nini, mama watoto?"

"Vifungo vya kubonyeza."

"Vya koti hivi. Nilitaka vya gemu."

"Hukusema gemu, baba watoto. Ulisema kubonyeza. Haya, bonyeza."

Akabonyeza kimoja. Kikafunga, tak, kama kilivyotakiwa na muumba wake. Paka akaenda mwenyewe kwenye duka la vipuri vya umeme, akarudi na vifungo vyekundu, vya kijani na vya njano, vikubwa kama vifuniko vya chupa, akavipanga mezani kama mfalme anayepanga mawaziri.

Kisha ikaja plastiki. Aliinunua kwa mkata vioo, ambaye siku hizi hukata na plastiki pia. Nilikuwa naye siku hiyo. Paka alimweleza kwamba atachonga jina lake juu ya plastiki, ili taa za pembeni zikiwaka, jina liwake. Mkata vioo, huku akifunga mzigo kwa karatasi na mawazo yake yako kwenye chai, akampa ushauri. Alisema jina lichongwe upande wa chini wa plastiki, ili vidole visiwe vinalisugua wakati wa kucheza, na kwa kuwa linachongwa kwa chini, liandikwe kinyume. Paka akaitikia kwa kichwa kabla maneno hayajaisha, kama mtu anayefundishwa kupumua.

Njiani akanieleza sayansi yake, na hapa sina budi kumpa haki yake, kwa sababu alikuwa sahihi. Mwanga, alisema, ukiingizwa ubavuni mwa plastiki husafiri ndani kwa ndani kama umbea. Hauonekani. Unapita tu, kimya, huyu kwa huyu, mpaka ukutane na mkwaruzo. Hapo penye mkwaruzo ndipo unapotokeza nje na kuaibisha watu. Neno kuaibisha nimeliongeza mimi.

Taa zenyewe zilikuwa utepe mrefu, mwembamba, wenye vitaa vidogo mfululizo na gundi upande wa nyuma. Paka akapiga msasa kingo za plastiki mpaka zikang'aa, kazi ya uvumilivu niliyomsifu kwayo. Kisha akabandika utepe kuizunguka plastiki yote, akaita watu, akawasha.

Tumbo lake likawaka. Kuta zikawaka. Jirani yetu kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi, akawaka uso mzima, tukaona mpaka nywele za puani ambazo yeye, kwa kazi yake, hakustahili kuwa nazo. Plastiki peke yake ndiyo iliyobaki gizani. Utepe ulikuwa umebandikwa umetazama nje, umeipa plastiki mgongo.

Paka alisema ndivyo alivyokusudia. Huo ulikuwa mwanga wa kuwapokea wageni. Lakini kinyozi alipoondoka, akaanza kuubandua utepe ili augeuze, na kwa kuwa gundi ya mwanzo ilikuwa imechoka, akaongeza ile gundi ya kuunganishia viatu, inayokamata kabla hujamaliza kuisifu. Kidole gumba na cha shahada vikagandana.

Alasiri nzima alitembea hivyo, vidole vimeungana kama mtu anayetaka kuonja chumvi. Kila aliyekutana naye alimuuliza ameshika nini kidogo namna hiyo. Mwishowe dada alimlowekea vidole kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, akavitenganisha taratibu kwa uzi, huku mdomo wake umebana pini za kushonea, jambo lililomzuia kusema. Paka mpaka leo anazishukuru zile pini.

Alipoanza kuchonga jina alijifungia. Alinoa msumari, akakaa na ile plastiki siku nzima, na tulimsikia kutoka korido akikwaruza na kupuliza, kukwaruza na kupuliza. Alipomaliza aliirudishia plastiki karatasi yake ya kuilinda, akatoboa matundu juu ya karatasi hiyohiyo, la kijiti upande wa kushoto na ya vifungo upande wa kulia, akaifunga kwenye boksi kwa skrubu. Hakuna aliyeruhusiwa kuona. Alisema kazi ya sanaa ni kama bi harusi, haifunuliwi jikoni.

Jumapili ikafika, na Shangazi akafika nayo, mapema, na kiti chake cha kukunja, kwa kuwa havumilii viti vya watu. Tukamwamkia. Paka alimwamkia kwa kuinama mpaka nikahofia mgongo wake. Shangazi akaketi katikati ya kile chumba, juu ya sehemu pekee ya sakafu iliyokuwa haijamilikiwa na redio, akaomba aoneshwe.

Boksi lilikuwa juu ya meza mbele ya televisheni. Lilikuwa kubwa kama sanduku la bi harusi, limepakwa rangi nyeusi, na bado limevikwa karatasi yake usoni, vifungo vikichungulia kwenye matundu. Mpinzani alikuwa kinyozi, ambaye alikuja na kifaa chake cha kuchezea, cha kawaida cha dukani, kidogo, kilichochakaa, akakiweka magotini kama mtu aliyekuja na sahani yake kwenye karamu ya watu.

Dada alisimama mlangoni. Nyuma yake, kwenye korido, mashati meupe yalikuwa yamepangwa juu ya kiti, juu ya kiti kingine, mbali na miguu ya binadamu. Hakuwa anatabasamu. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia kwamba shule inafunguliwa, mashati yamebaki mengi, na hajui atayashonea wapi asiyaharibu.

Gemu ikaanza.

Mimi nilikuja pale na kicheko changu tayari, nimekipiga pasi. Ikanibidi nikirudishe mfukoni. Boksi lilifanya kazi. Alipovuta kijiti kulia, yule mtu kwenye skrini alikwenda kulia. Alipobonyeza chekundu, akapiga ngumi. Alipobonyeza cha kijani, akaruka. Hakukuwa na cheche, hakukuwa na moshi, na bisibisi ililala kwenye droo yake bila kuota ndoto. Kinyozi alijitahidi, lakini kinyozi ni mtu wa amani ndani ya skrini na nje yake. Akaanguka mara ya kwanza, akaanguka mara ya pili, muziki wa ushindi ukalia.

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika fremu ya mlango.

Shangazi naye alimtazama, kisha akamgeukia Paka. Ni mtu wa haki, hata haki inapomuuma. Alisema alikuwa ameweka sharti moja, gemu moja bila bisibisi, na gemu imeisha na bisibisi hajaiona. Akashusha pumzi.

"Kwa hiyo chumba ni..."

"Ngoja kwanza, Shangazi," alisema Paka.

Wapo waliopoteza falme kwa vita, na wapo waliozipoteza kwa ndoa. Shemeji yangu alipoteza yake kwa maneno matatu, na hakuna aliyemshurutisha.

"Hujaona kitu," akaendelea. "Huo ni mwili tu. Roho bado."

"Mkwe wangu, nilikuwa nakupa chumba."

"Utanipa kwa heshima zaidi. Usinisikilize mimi, Shangazi. Isikilize mashine. Itakachosema yenyewe, hicho ndicho kiwe hukumu."

"Itakachosema yenyewe?"

"Neno kwa neno."

Shangazi akatutazama sote, mmoja mmoja, kama anayehesabu mashahidi, akasema haya.

Paka akafunga mapazia. Akaibandua ile karatasi, ikawa inachanika vipande vipande kuzunguka vifungo, akavitupa nyuma ya bega. Mchana ulikuwa umebaki kidogo tu pale chini ya pazia, na katika kiza hicho plastiki ilionekana tupu, safi, kama maji kwenye beseni. Akapeleka mkono kwenye swichi iliyokuwa imening'inia kwenye waya nyuma ya meza, upande aliokaa kinyozi. Akatupa nafasi ya kuvuta pumzi. Akawasha.

Nitasema ukweli: ilipendeza. Mwanga wa buluu uliingia pembeni, hauonekani, halafu ghafla herufi zikajitokeza zimesimama hewani, nene, laini, kila ukingo unang'aa. Tuliguna wote kwa pamoja. Hata dada aliguna.

Shangazi akavaa miwani. Akasoma kwa sauti yake ya wodini, ile ya kuita majina ya wagonjwa.

"Ka-pa."

Akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Kapa," akasema. "Imeandikwa kapa."

Na kweli ilikuwa imeandikwa KAPA. Herufi kubwa, hazina wasiwasi. Huko kwenye vibanda vya gemu mtu akimaliza bila hata pointi moja, ndivyo anavyoambiwa: umetoka kapa. Mikono mitupu. Sufuri yenye herufi nne.

Paka alikuwa bado ametabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki pale bila mwenyewe. Alilitazama lile neno kama anayelisubiri lifanye jambo. Halikufanya. Akaegemea upande wa kinyozi, akamnong'oneza bila kugeuza shingo.

"Mazi ata."

Kwa waliosahau utoto wao, hicho ni kinyume, lugha tuliyoizungumza wadogo ili wakubwa wasituelewe. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaipeleka mbele. Zima inakuwa mazi. Taa inakuwa ata. Kinyozi, aliyekua kwenye mtaa wenye watoto, akaelewa, akapeleka mkono polepole kwenye swichi.

"Cheia," alisema Shangazi.

Iache. Mkono wa kinyozi ukarudi magotini kama umeungua. Hatukujua kwamba hata Shangazi aliwahi kuwa mtoto.

Sasa akaanza kumhoji, kwa utulivu, kama alivyokuwa akiwahoji waliodai wameangukia chupa. Alimuuliza alikusudia kuandika nini. Paka akasema Paka. Akamuuliza basi ni nani aliyemwambia aandike hivi.

"Mkata vioo. Alisema niandike kinyume."

"Nawe?"

"Nikaandika kinyume. Paka kwa kinyume ni kapa. Utotoni hakuna aliyenishinda kwa kinyume, Shangazi, muulize yeyote."

"Hukujiuliza mkata vioo kajulia wapi michezo yenu ya utotoni?"

Paka alisema alidhani ni utaratibu wa kitaalamu. Alidhani mwanga, ukishaingia pembeni na kuzunguka ndani, huzigeuza silabi na kuzirudisha mahali pake. Alilisema jambo hili bila aibu, mbele ya watu wazima.

Mimi nililazimika kueleza kwamba mkata vioo alimaanisha herufi zichongwe kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kulia kwenda kushoto, ili mtu akizitazama kutoka upande wa juu azione sawa. Na hata hivyo, bahati ilikuwa imejaribu kumwokoa. Kama plastiki ingefungwa upande uliochongwa ukiwa chini, kama alivyoagizwa, KAPA yake ingetokea imepinduka, mikwaruzo isiyosomeka, naye angesema ni nembo, na Shangazi angempa chumba ili akanywe chai. Lakini alipotoboa matundu ya kijiti na vifungo, aliiweka plastiki upande uliochongwa ukiwa juu. Tangu hapo ilikubali kukaa namna hiyo tu. Kosa moja lingemficha. La pili likamfanya asomeke.

Dada alikuwa ameuachia mlango, ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yanafanya kazi.

"Basi mashine imesema," alisema Shangazi. "Neno kwa neno."

Hapo Paka akaonesha kwamba kweli ana roho ya paka. Alijitetea. Alisema kama mashine imezungumza kwa kinyume, basi hukumu nayo lazima itolewe kwa kinyume, vinginevyo si haki, ni lugha mbili katika kesi moja. Hata mimi niliona hoja ina miguu.

Shangazi akafikiri, akakubali.

"Sawa. Chumba kwa kinyume ni nini?"

Paka akajibu upesi, kwa fahari ya bingwa wa zamani. "Mbachu."

"Mbachu yote ni yako," alisema Shangazi. "Uitunze. Chumba ni cha mwanangu."

Akakunja kiti chake.

Tulihamisha karakana alasiri hiyohiyo, kwa kuwa Shangazi alikaa mlangoni mpaka redio ya mwisho ilipotoka. Paka, katika kuinua feni mbili kwa mara moja ili kinyozi amwone, alichana suruali yake nyuma, kutoka kiunoni hadi mahali ambapo suruali hugawanyika na kuwa miguu. Ilikuwa suruali yake ya kijivu, ya kujidai, anayoivaa akienda kwenye vibanda. Aliikabidhi kwa mkewe palepale, akavaa kaptula, akasema hana haraka, kesho itafaa.

Cherehani ikaingia chumbani, ikawekwa chini ya dirisha kubwa. Mashati meupe yakashonwa, yakapelekwa, na mwalimu mkuu hakurudisha hata moja. Tena akaleta kazi ya sketi.

Ila mafanikio yana kelele zake. Sasa dirisha linatazama njia, kila mteja anayepita anagonga na kuuliza nguo yake iko tayari, na kila akigonga dada anaondoa mguu kwenye pedali, anatafuta kitambaa, anajibu bado, anaanza upya. Siku moja akamwomba Paka ile plastiki yenye taa. Paka akafurahi, akadhani hatimaye sanaa yake imeeleweka. Dada akapitisha uzi imara kwenye matundu ya vifungo, akaining'iniza dirishani, akasogeza swichi karibu na goti lake.

Siku hizi hagongewi. Mteja akikaribia na nguo yake haijaguswa, dada anasogeza goti tu. KAPA inawaka, ya buluu, inasomeka mpaka ng'ambo ya njia, na mteja anakunja kona bila ubishi. Taa ikikaa kimya, ujue kuna kitu chako, ingia.

Paka hushinda hapo nje, karibu na dirisha, akiwaeleza wanaosubiri kwamba kifaa hicho ni ubunifu wake, kwamba mwanga unasafiri ndani kwa ndani kama umbea, na kwamba ameshapata maombi. Wanamsikiliza vizuri. Wakati mwingine wanamuuliza kwa nini fundi mkubwa kama yeye anatembea na kaptula.

Jumamosi iliyopita alikuwa amealikwa kwenye mashindano ya gemu, na kaptula ile ilikuwa imekwisha kuiga suruali, imechanika palepale. Nilimwona akiaga wasikilizaji wake, mkono mmoja akiuweka nyuma kwa namna ya mheshimiwa anayekagua gwaride. Akaliendea dirisha, akanyoosha shingo kutazama ndani, kule kwenye kona palipotundikwa nguo, ambapo suruali yake ya kijivu ilikuwa nyuma ya sketi zote za shule.

Dada hakuinua kichwa. Alisogeza goti.